Kompyuta Isiyo na Kitu Ndani

Bwana Kesho aliyaona yale masanduku siku aliyokuwa akimkwepa mtu mwingine kabisa. Kwenye barabara kubwa alikuwa amesimama kinyozi mmoja mwenye swali dogo kuhusu saa za mkononi zisizoingia maji, ambazo zilikuwa zimeingia maji. Bwana Kesho hakuwa na jibu, na kwa adabu zake mtu asiye na jibu hupisha njia. Akakata uchochoroni, nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme, akatokea mahali ambapo mtunza stoo wa duka lililokuwa likifungwa alikuwa anapanga masanduku ya kompyuta ukutani, moja juu ya jingine.

Yalikuwa meusi, membamba, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mbele ya kila moja ulishuka mstari wa taa kutoka juu hadi chini.

"Hizi kompyuta zinakwenda wapi?" Bwana Kesho aliuliza.

"Kompyuta gani? Haya ni maganda," mtunza stoo alisema, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Yalikuwa ya kupamba dirisha. Ukichomeka kwenye umeme taa inawaka, basi. Ndani hamna hata mbu. Tajiri kasema yatupwe, na mwenye gari la taka anadai mzigo ni mkubwa."

Bwana Kesho aliliinua moja. Lilikuwa jepesi kama ahadi. Akaligonga kwa kidole, likaitika kwa sauti ya utupu.

"Nitayabeba mimi, bure," alisema, kwa sauti ya mtu anayejitolea figo.

Mtunza stoo alimshukuru sana, akamwombea heri. Hivyo ndivyo biashara nyingi za Bwana Kesho zilivyoanza, na baraka za mtu asiyejua anabariki nini.

Ni vizuri kumweleza kidogo. Hakulipenda neno tapeli, aliliona la watu wasiosoma. Yeye alijiona kuwa mtu anayefika sokoni kabla ya bidhaa zake. Alikuwa amewahi kuuza viwanja kwenye mtaa ambao haujapimwa, na hisa za bwawa la samaki ambalo halijachimbwa. Wateja wake walipouliza lini, aliwajibu neno moja, na neno hilo likageuka kuwa jina lake. Alivaa suti ya kijivu, alinyoosha mashati yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Nyumbani, kwenye chumba cha uani, aliishi kaka wa mke wake, fundi wa kompyuta. Waliitana shemeji, na kwa kuwa Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, hata majirani walilichukua hilo kuwa ndilo jina lake. Alishinda ameinamia meza iliyojaa bodi, nyaya na skrubu, akitengeneza mashine za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Bwana Kesho alimtumia kila alipohitaji mtu mwenye mikono, na kila walipomaliza alimwahidi fungu lake, na wewe unajua aliahidiwa lini.

Masanduku yalipoingia uani, Shemeji aliinua macho.

"Maganda," alisema.

"Niambie, shemeji," Bwana Kesho alisema, akivuta kigoda. "Hivi kompyuta ni nini hasa? Wapi hasa ndipo kompyuta inapokaa?"

Shemeji alifikiri. Ni swali alilolipenda, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akachukua bodi moja mezani, akaanza kuonyesha kwa ncha ya bisibisi. Hapa ndipo inapofikiri. Hapa ndipo inapokumbuka. Hapa ndipo inapoweka vitu vyake. Na kama ni ya kuchezea gemu, basi kuna kadi ya picha, hii kubwa yenye feni zake, ndiyo inayochora kila jani la mti na kila tone la mvua kwenye kioo.

"Na sanduku?"

"Sanduku ni shati tu."

"Na katika vyote hivyo, ghali ni kipi?"

"Kadi. Siku hizi kadi nzuri inashinda bei ya mashine nzima iliyobaki. Kuna watu wananunua kadi hata zilizotumika, hawaulizi zimetoka wapi."

Bwana Kesho alifumba macho. Wengine hufumba hivyo wakiwa katika sala.

Kwenye jengo la ghorofa moja, juu ya duka la vioo, palikuwa na ukumbi wa kuchezea gemu za kompyuta. Mwenye ukumbi alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyeitwa Bi Mapazia kwa sababu madirisha yake yote aliyafunika kwa mapazia mazito mekundu, jua lisiwapige wachezaji machoni. Sifa yake mjini ilikuwa moja, nayo ni ubahili. Ilisemekana anatoza hata anayesimama nyuma ya mchezaji kuangalia. Ilisemekana pia kwamba ukipiga chafya ndani ya saa uliyolipia, muda wa chafya haurudishwi. Mashine zake zilikuwa na kadi nzuri, kwani mteja wa gemu haridhiki na picha inayokwamakwama, na Bi Mapazia alijua mteja asiyeridhika hapandi ngazi mara ya pili.

"Bahili ni rafiki yangu," Bwana Kesho alimwambia Shemeji wakiwa njiani. "Mkarimu utamtapeli vipi? Anakupa kabla hujamwomba, anakuharibia kazi. Lakini mwenye tamaa anajifunga kamba mwenyewe, wewe kazi yako ni kumshikia ncha."

Shemeji alikuwa amebeba sanduku moja kifuani. Ndani yake alikuwa ameificha laptopu yake mwenyewe, imefungwa kwa vipande vya mpira isitikisike, na waya wa kuunganisha kioo ukitokea kwa nyuma.

Ukumbi ulikuwa na ubaridi wa mapazia na joto la mashine, vyote kwa pamoja. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu kwa nje. Masanduku yalikuwa yameliwa na kutu, mengine hayana ubavu mmoja, na kando ya kila moja palikuwa na feni ndogo ya mezani ikilipulizia matumbo. Bwana Kesho alizitazama zile feni kwa huruma, kama daktari anayeingia wodini.

"Pole sana, mama," alimwambia Bi Mapazia.

"Pole ya nini? Hujaniuzia kitu bado."

Alikuwa mnene, mtulivu, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya viatu.

Bwana Kesho hakujitetea. Alimwomba Shemeji achomeke sanduku. Taa ikapanda, ya buluu, polepole kutoka chini hadi juu, na hata wachezaji wenye hedifoni wakageuka. Kisha kioo kikawaka, gari jekundu likaanza kukimbia kwenye barabara ya milimani.

"Mama, unaona nini?"

"Gari."

"Liko wapi?"

"Si hapo kwenye kioo?"

"Ndipo tunapokosea sote." Bwana Kesho alishusha sauti, na ukumbi ukanyamaza ili usikie. "Hilo gari haliko hapa. Liko mbali, kwenye mashine kubwa kuliko jengo hili, linachorwa huko, linaletwa hapa kwa njia ya hewa. Wataalamu wanaita wingu. Hili sanduku halina kitu ndani. Halihitaji. Kompyuta ya zamani ilikuwa ni tumbo. Kompyuta ya sasa ni dirisha. Wewe, mama, unalipa umeme, unalipa fundi, unanunua feni za kupulizia matumbo, na miaka miwili tu gemu mpya ikitoka matumbo yenyewe hayafai tena. Kwenye wingu hakuna kuzeeka."

Mwishoni mwa safu aliketi mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye kila mchana alikuja kurusha ndege ya abiria kwenye kompyuta, kutoka mji mmoja hadi mwingine, bila haraka. Wote walimwita Rubani. Alivua hedifoni.

"Samahani, bwana. Hii inaitwa kompyuta binafsi, au nimesikia vibaya maisha yangu yote?"

"Hukusikia vibaya, baba."

"Basi ubinafsi wake uko wapi kama matumbo yako kwa mtu mwingine? Mimi yangu ya nyumbani, kabla haijafa, niliifungua kwa bisibisi yangu, nikaongeza nilichotaka, nikaondoa nisichotaka. Nikigombana na dunia nzima, bado nacheza. Hiyo yako, huyo mwenye wingu akiamka amenuna?"

Lilikuwa swali zuri. Bwana Kesho alilipokea kwa mikono miwili.

"Baba, binafsi ni wewe, si sanduku. Unapopanda ndege ya kweli, ndege ni yako? Si yako. Lakini safari ni ya nani?"

Rubani aliwaza. Alikuwa mtu wa haki, na alipoona hoja aliiheshimu. "Safari ni yangu," alikubali.

"Nimemaliza," Bwana Kesho alisema.

Bi Mapazia alikuwa amesimama kando ya lile sanduku muda wote huo, na sasa aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Gari jekundu liliendelea kupanda mlima. Harufu nyembamba ya plastiki iliyopata moto ilikuwa imeanza kuzunguka.

"Lina joto," alisema.

Shemeji alitazama viatu vyake.

"Ndiyo, mama," Bwana Kesho alisema bila kupepesa. "Picha imesafiri kutoka mbali. Kila kilichosafiri kinafika na joto. Mguse hata mgeni aliyetoka safari."

"Kweli," Bi Mapazia alisema. Akaondoa kiganja, akavaa miwani, akamtazama Bwana Kesho kama mtu anayesoma bei. "Na unayo mangapi?"

Moyo wa Bwana Kesho uliruka, lakini uso wake ulibaki kanisani. Alieleza sharti kwa masikitiko. Masanduku haya hayauzwi kwa fedha, hayo ndiyo maagizo ya wenye wingu. Yanabadilishwa. Mteja anatoa mashine zake za zamani, ili zikaharibiwe vizuri zisichafue dunia, naye anapewa mpya, moja kwa moja. Wingu lenyewe linafunguliwa mwanzo wa wiki inayofuata, na mwezi wa kwanza ni bure.

"Moja kwa moja haiwezekani," Bi Mapazia alisema. "Mimi nakupa mashine yenye tumbo, wewe unanipa isiyo na tumbo. Kwa kila mbili nataka tatu."

"Mama, utanifukuzisha kazi."

"Basi beba sanduku lako, na mgeni wako mwenye joto."

Walivutana mpaka Rubani akatua na ndege yake na kupaa tena. Bwana Kesho alijipiga paji la uso, akahesabu kwa vidole, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Mwishowe alikubali kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa. Ndani ya nafsi yake alikuwa anacheka hadi mbavu zinamuuma, maana masanduku ya ziada aliyokuwa ameyagombania mama wa watu yalikuwa ni bati na hewa.

Bi Mapazia alikuwa na ombi jingine. Wateja wake hawapendi kushtukizwa. Masanduku mapya yaletwe kwanza, yakae ukumbini siku chache, macho yayazoee, ndipo ya zamani yaondoke. Isitoshe, baadhi ya hizo mashine zilinunuliwa na marehemu mume wake. Alihitaji kuagana nazo.

"Kuagana ni haki," Bwana Kesho alisema. "Ila yasifunguliwe, mama. Ukifungua, mawasiliano na wingu yanakatika, na hayaungiki tena. Nitamwacha mtaalamu wangu ayalinde."

Shemeji akaachwa kulinda. Kila asubuhi alipanda ngazi za ule ukumbi na kisanduku chake cha vifaa, na kila jioni alirudi uani akiwa na vumbi kwenye nyusi.

"Amegusa?" Bwana Kesho alimuuliza siku ya kwanza.

"Hajagusa."

"Anafanya nini?"

"Ananipa chai."

"Bi Mapazia? Chai ya bure?" Bwana Kesho alitikisa kichwa kwa mshangao. Tamaa, aliwaza, humlegeza hata bahili. "Anakuuliza maswali?"

"Aliniuliza moja. Kama naipenda kazi yangu."

"Ukamjibu nini?"

Shemeji alikuwa ananawa mikono. "Nilimwambia sijawahi kuulizwa," alisema, akaingia chumbani kwake.

Siku hizo Bwana Kesho alizitumia kutafuta mnunuzi. Alimpata nyuma ya duka la vipuri, mtu mrefu, mkavu, mwenye mizani ya kupimia dhahabu na subira ya kinyonga. Mnunuzi alisema atazichukua kadi zote, hatauliza lolote, ila atafungua kila sanduku mwenyewe. Bwana Kesho alimwambia hivyo ndivyo wanavyofanya watu makini. Akaenda dukani kujitazamia suti ya pili.

Siku ya kukabidhiana ilipofika, mashine kuukuu zilikuwa zimepangwa sakafuni, kila moja imefunikwa shuka kama maiti, mbavu zilizokuwa wazi zimezibwa kwa bati na kukazwa kwa skrubu. Masanduku mapya yalikuwa mezani, meusi, yamezimwa. Bi Mapazia alikuwa amevaa kitambaa cheusi kichwani.

"Naona umezifunga vizuri," Bwana Kesho alisema.

"Sikutaka zitoke uchi," alijibu, akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Hii hapa ndiyo alinunua mwenyewe, Mungu amrehemu. Alikuwa anaipangusa kila Jumapili."

Bwana Kesho aliinua mashine ya kwanza kwa heshima. Ilikuwa nzito ajabu, ikamkata pumzi. Akainua ya pili, nzito. Alijua kuna watu wanaoweza kukuuzia sanduku tupu, dunia imeharibika, kwa hiyo aliipima kila moja kwa mikono yake kabla ya kuipakia kwenye pikapu. Uzito, tofauti na binadamu, haudanganyi. Mpaka anamaliza shati lilikuwa limemganda mgongoni, naye alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuiona tangu bwawa la samaki.

"Twende, shemeji," aliita.

"Tangulia," Shemeji alisema, akiwa ameinama chini ya meza na waya mdomoni. "Namalizia kuunganisha."

Bwana Kesho alikonyeza. Alipenda fundi anayejua kuigiza mpaka mwisho.

Nyuma ya duka la vipuri, mnunuzi alifungua mashine ya kwanza polepole, akipanga skrubu zake kwenye kifuniko cha kopo. Akaondoa bati. Ndani, limefungwa kwa shuka la zamani lisigongegonge, lilikaa tofali. Chini yake palikuwa na jingine.

Mnunuzi aliwasha taa ya mezani, akaisogeza karibu, akaliangalia tofali pande zote.

"Kadi hii sijawahi kuiona," alisema. "Ni toleo jipya?"

Wakafungua ya pili. Matofali. Ya tatu ilikuwa na kinu cha chuma cha kutwangia na nusu ya mlango wa jiko. Ile iliyopanguswa kila Jumapili ilikuwa na mchanga, umeshindiliwa vizuri ndani ya mifuko, kazi ya mtu mwenye subira.

"Ninaye mtu anajenga choo," mnunuzi alisema baada ya kufikiri. "Naweza kukuunganisha naye."

Bwana Kesho alirudi kwa miguu, kwani mwenye pikapu alikuwa ameondoka. Njia nzima alipanga maneno. Angeanza kwa utulivu, kisha ataje polisi, la, asitaje polisi. Ataje uaminifu. Alipofika chini ya jengo alisikia kelele juu, akapanda ngazi mbilimbili.

Mapazia mekundu yalikuwa yamefungwa barabara, na katika giza lile la mchana taa za buluu ziliwaka safu kwa safu. Karibu kila kiti kilikuwa na mtu. Magari yalikimbia, majeshi yalipigana, mchezaji mmoja alikuwa anavua samaki kwenye ziwa lenye ukungu, na picha hazikukwama hata kidogo. Hapakuwa na feni hata moja mezani. Masanduku yake, yale maganda ya kupambia dirisha, yalikuwa yananguruma taratibu kama paka walioshiba.

Bi Mapazia alikuwa ameketi mlangoni bila kitambaa cheusi.

"Mama," Bwana Kesho alisema, akihema. "Zile mashine ulizonipa."

"Zina nini?"

"Hazina kitu ndani."

"Hazina kitu vipi? Si zina matofali? Mimi mwenyewe niliyabeba mengine, mgongo unaniuma mpaka leo." Bi Mapazia aliinua sauti kidogo, kiasi cha kutosha tu. "Jamani, huyu ndiye yule bwana aliyetuletea mashine mpya. Ana malalamiko. Zungumza, bwana, wasikie. Kuna kitu kimepungua?"

Vichwa viligeuka. Wengine walimpigia makofi, kwa moyo mweupe kabisa. Bwana Kesho alifungua mdomo. Aliyatazama maneno yote yaliyokuwa yamejipanga humo, akaona hakuna hata moja linaloweza kutoka bila kumvua yeye nguo. Aseme alitapeliwa matumbo? Ni yeye aliyesimama pale akihubiri kwamba matumbo si kitu.

"Hakuna," alisema.

"Niliyataka masanduku kama haya muda mrefu," Bi Mapazia alimwambia, sasa kwa sauti ya kawaida. "Yale yangu yalikuwa yamekufa kutu, mashine zinachemka, wateja wananicheka. Lakini bei yake ilinishinda. Siku ile nilipoweka mkono juu ya sanduku lako nikajua mna kitu humo, na kama mmekificha basi mengine ni matupu. Nikasema, haya, Mungu si mwanadamu. Kilichobaki kilikuwa ni mtu wa kuhamisha matumbo bila kuyaua. Mkaniletea na huyo."

Shemeji alitoka chini ya meza ya mwisho, bisibisi sikioni. Alimwona Bwana Kesho, hakukimbia. Alisimama wima, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Shemeji," Bwana Kesho alisema taratibu. "Damu moja."

"Si damu. Ni ndoa," Shemeji alijibu. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema siku moja. "Sikupanga kukugeuka. Aliniuliza kama naweza kuziweka upya, nikasema naweza, nikaanza moja nione kama itaingia. Ikaingia. Ikawaka. Mtoto mmoja akakaa akacheza akacheka. Miaka yote hii na wewe natengeneza vitu ili vionekane vinafanya kazi. Hivi vinafanya kazi. Ameniajiri, nimekubali. Dada nimemwambia asubuhi."

"Akasema nini?"

"Alisema mmoja kati yetu ilibidi apate kazi."

Bwana Kesho alitafuta mahali pa kukaa. Miguu ilikuwa imechoka, na kiti kimoja tu kilikuwa wazi, kando ya Rubani. Alikaa. Rubani, ambaye hakuwa amefuatilia hata neno moja kwa sababu ya hedifoni, alifurahi kupata jirani. Akamvika hedifoni za pili, akamwekea kibodi mbele, akamwonyesha kwa ishara kwamba ndege iko tayari, njia ni ile, avute polepole.

Tangu aanze kuyazungumzia magemu ya kesho, Bwana Kesho hakuwahi kuyacheza hata ya jana. Aliivuta ndege, ikapinda, ikaingia kwenye kituo cha mafuta. Rubani akaianzisha upya. Safari hii ilikimbia vizuri, magurudumu yakaachana na ardhi, nyumba zikawa ndogo, mto ukatokea, na juu ya mto jua lilikuwa linang'aa kwenye maji kwa namna ambayo Bwana Kesho alisahau kwa muda kuwa kuna kadi mahali fulani inayoichora kila punje, na kwamba kadi ile ilikuwa karibu iwe yake. Alikuwa ametulia. Hakuwa anamwahidi mtu chochote. Alifikia mji wa kwanza, akauacha nyuma, akaelekea baharini.

Bi Mapazia alikuja akasimama nyuma yake. Alikunja mkono, akanyoosha kiganja.

"Anayekaa analipa," alisema.

Bwana Kesho alipapasa mifuko yote ya suti, ya nje na ya ndani, jicho lake halijatoka kwenye kioo. Alikuwa na leso, na ufunguo wa nyumba. Shemeji aliona. Alichomoa kitu kwenye mfuko wa shati, malipo yake ya kwanza kabisa yakiwa bado yamekunjwa vilevile alivyopewa, akaweka kiganjani mwa mama.

"Mlipie na saa inayofuata," alisema. "Hajui kutua."

Bi Mapazia alirudi mlangoni. Kwenye kioo, uwanja ulikuwa umeanza kuonekana kwa mbali, kamstari kembamba ng'ambo ya maji.

"Shemeji," Bwana Kesho aliita bila kugeuka. "Magurudumu yanashushwa na kitufe gani?"

Shemeji aliinama begani mwake, akamwonyesha.